Kombe la Musase

Nilisikia kabla ya kuona. Mlio wenyewe ulikuwa mdogo, kama kiungo cha kidole kinapokunjwa hadi kikalia. Nilikuwa jikoni nimeshika kikombe cha chai, mama ameinama anachochea makaa ya jiko la mbabula, na sote wawili tukageuza vichwa kama watu waliobishiwa hodi na mgeni wasiyemtazamia. Mlio haukurudi. Ulikuwa umetoka chumbani kwangu, na chumbani kwangu hakukuwa na mtu.

"Nini njo imelia vile?" mama akauliza.

Nikamjibu kwamba ni bati linapata joto. Mama akainua macho kutazama bati. Asubuhi ile jua lilikuwa bado halijavuka miti ya jirani.

Sikwenda kuangalia. Nilimaliza chai polepole, kisha nikaosha kikombe, jambo ambalo mama aliliona la ajabu kuliko ule mlio. Nilikuwa najua. Katika nyumba yetu kulikuwa na kitu kimoja tu ambacho kingeweza kulia namna ile, na kadiri nilivyokaa bila kukitazama, ndivyo kilivyoendelea kuwa kizima.

Mwishowe niliingia. Bakuli lilikuwa pale nilipoliacha, juu ya meza, karibu na dirisha lililokuwa wazi, na pazia linapigwa na upepo mkavu wa ziwa. Ufa ulianzia mdomoni ukashuka tumboni kama unywele ulioanguka. Niliupangusa kwa kidole, nikiomba uwe unywele kweli. Ukucha ukaingia.

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Jumamosi bakuli lile lilitakiwa kubebwa hadi Kafutuma, nyumbani kwa msichana niliyetaka kumwoa.

Kwa asiyetujua, inafaa nieleze. Huku kando ya ziwa Mweru, kijana hamwendei baba wa msichana akamwambia anampenda. Anamtuma mtu mzima, ambaye Wabemba wanamwita shibukombe. Huyo hubeba sahani mbili, moja ya kupokea na moja ya kufunika, na katikati yake fedha kidogo ya kusalimia. Fedha hiyo inaitwa nsalamu. Neno hilo ni letu, lilivuka ziwa zamani, kabla mama yangu hajavuka. Wenye binti wakibaki na sahani, basi unaweza kuanza kuwaita wakwe. Zikirudi, zimerudi.

Zetu zilirudi.

Mama ana meza ya vyombo katika soko la Kashikishi: sahani za bati zenye maua, sufuria, chupa za chai, vitu vinavyokuja kwa boti kutoka ng'ambo, Kongo, alikozaliwa. Mara ile ya kwanza alichagua mezani kwake sahani mbili nzuri kuliko zote. Shibukombe alizipeleka asubuhi, na jioni ya siku hiyohiyo akazirudisha. Shangazi wa msichana, dada mkubwa wa baba yake, alizigeuza akazitambua. Alikuwa amezipita sokoni siku chache zilizotangulia. Alisema hawezi kujua kama hawa watu wamekuja kuomba mtoto au kutembeza biashara, na akataka muda wa kufikiri.

Tungempa muda huo, labda angelegea. Lakini mama alizipangusa sahani kwa kitenge chake, akazirudisha mezani, na siku ya pili zilinunuliwa. Aliyezinunua alikuwa jirani wa yule shangazi. Shangazi alialikwa kula kwa jirani, bukari, yaani ugali, ikaletwa, na mboga ikaletwa ndani ya sahani zile.

Hapo ndipo neno lake lilipotufikia, na shibukombe alilisema kama alivyolipokea, bila kulipunguza: "Tutapokea mara ya pili. Ya tatu hakuna. Na mara hii mulete kitu ambacho tukikikataa, mama yake hawezi kukiuza."

Ilikuwa dhihaka, lakini nyuma ya dhihaka kulikuwa na hofu ambayo naielewa. Watu wa ng'ambo, huku kunasemwa, wanakaa kama boti: wamefungwa kwa kamba moja. Vita vikitulia kwao, au bei ikipanda, asubuhi hawapo. Shangazi alikuwa ameona boti nyingi zikifunguliwa. Hakutaka binti ya kaka yake awe ndani ya mojawapo.

Wazo la kuchonga lilitoka kwenye neno nililolisikia vibaya tangu utoto. Nilikua nikidhani shibukombe maana yake ni mwenye kombe, yaani mtu wa kubeba lile bakuli kubwa la kupakulia. Baadaye nilijifunza kwamba kwa Kibemba nkombe ni mjumbe, na sahani haimo kabisa ndani ya neno hilo. Lakini picha ilikuwa imeshakaa kichwani: mtu mzima anatembea barabarani na kombe mikononi. Nikasema nitampa kombe. Nitalichonga mwenyewe, katika mti uliomea hapa, na hakuna meza ya sokoni itakayolikubali.

Shibukombe wetu ni fundi wa vinu na michi. Ni mtu mwenye sifa nyingi, na nyingi ya sifa hizo amezitangaza yeye mwenyewe. Anapenda kusema kwamba hajawahi kurudishiwa sahani, halafu ananitazama, halafu anaongeza: "ila moja." Alinipa pande la mti wa musase lililokatwa kwenye shamba jipya la mihogo, zito kiasi kwamba baiskeli ilinyanyua gurudumu la mbele. Nilipomwomba anisaidie kuchonga alikataa.

"Mi nabeba," alisema. "Nikichonga na nikibeba, kanshi ni mimi ninaoa."

Lakini alinipa tezo, yenye mdomo uliopinda, na akanipasulia pande lile mara mbili, sehemu nene iwe bakuli na nyembamba iwe kifuniko. Umbo nilikuwa nalo tayari. Pwani ya ziwa letu kuna kombe nyingine, zile za majini, viumbe vya magamba mawili yanayofungana. Watoto huzikusanya mchangani na kuzigonganisha. Nilitaka bakuli liwe kama gamba la chini na kifuniko kama gamba la juu, na mistari ile ya kukua, inayozunguka kama mawimbi, iwe mgongoni mwa yote mawili. Lisikae wima kama sufuria. Lilale upande kidogo, kama kitu kilichoachwa na maji.

Sijawahi kufanya kazi inayotisha kama ile. Kazi yangu ni kuandika, na sentensi mbaya naifuta, karatasi haikumbuki. Mti unakumbuka. Kila nilipoinua tezo nilijua kwamba nitakachokiondoa hakitarudi, na bakuli halikuwa jambo la kuongeza, lilikuwa jambo la kuondoa tu, hadi mahali fulani ambapo mtu anatakiwa kuacha, na hakuna alama inayoonyesha mahali hapo. Nilikuwa nachonga kidogo, nabisha hodi kwa kidole kwenye ukuta wa bakuli, nasikiliza. Likilia kwa sauti nzito, bado kuna nyama. Sauti ikianza kuwa nyepesi, mikono yangu inaanza kutoka jasho. Na vumbi la musase linapanda puani. Nilipiga chafya mchana kutwa, hata majirani wakaanza kuniombea afya, na mama akasema wakwe watapelekewa bakuli na mafua.

Nilipokuwa nimeshafukua tumbo na kulitoa umbo la nje, bado nene, bado bichi, shibukombe alipita kuaga. Alikuwa anaenda Kilwa, kisiwa cha humu ziwani, kuuza vinu, na angerudi Ijumaa. Alilizungusha bakuli, akanusa ndani yake, akalirudisha mikononi mwangu. Kwa kawaida anasema nami Kiswahili cha sokoni. Siku ile alikuwa na haraka, boti inamsubiri, akasema kwa lugha ya nyumbani kwake:

"Pano, uleke ubombe."

Kisha akapanda baiskeli.

Kibemba ninakisikia. Nimesoma shule huku, nimecheza huku, nimependa huku. Kubomba ni kufanya kazi. Mwenye shamba anabomba, mwalimu anabomba, hata anayeshinda kivulini akiulizwa atasema anabomba. Pano: hapa ulipofika. Uleke ubombe: uache ufanye kazi. Niliona ni neno la fundi kweli. Mti una kazi yake, unajikaza, unazoea hewa. Basi nikauacha ufanye kazi, nami nikafanya yangu. Kila jioni nilichonga hadi mwanga ulipokwisha, kisha nikaliweka bakuli dirishani ili upepo ulizoeshe. Nilipenda kulitazama pale. Lilizidi kuwa jepesi kila siku, na wepesi ule niliuona kama maendeleo.

Na ndivyo ilivyofika Alhamisi, na mlio ule, na ukucha wangu ndani ya ufa.

Jambo la kwanza nililolifanya ni lile ambalo kila mtu angelifanya: kuficha. Nilichanganya gundi na vumbi la musase lenyewe, nikaujaza ufa, nikaupangusa hata rangi ikalingana. Ukitazama haraka, hakukuwa na kitu. Nilimwita mama. Alitazama haraka, akasema hakuna kitu. Nikakaa nalo mbele yangu asubuhi yote, kama mtu anayemlinda mgonjwa, na saa sita gundi ikaachana na upande mmoja, kimya, bila hata kulia, na ufa ukawa umeshuka chini zaidi kuliko mwanzo.

Nilimpigia shibukombe. Simu yake haikupatikana. Kisiwani mtandao huja na kuondoka unavyotaka. Nikapiga tena na tena. Mwishowe nikampigia msichana mwenyewe, ingawa tulikuwa tumekubaliana tusipigiane wiki ile, kwa sababu shangazi alikuwa amehamia kwao kusubiri Jumamosi na alikuwa na masikio mazuri. Alipokea kwa sauti ya chini. Nikasikia mlango, kisha kuku, kisha hatua zake kwenye majani makavu nyuma ya nyumba.

Nilimweleza yote. Nilimwambia sikupumzika hata siku moja, nilifanya kama nilivyoambiwa.

"Uliambiwa nini? Maneno yenyewe."

"Uleke ubombe."

"Sema tena."

Nikasema tena.

"Unavyolisema wewe, ni kazi," akasema. "Alivyolisema yeye, nafikiri ni maji."

Sikuelewa. Akaniambia kwamba kubomba ni kufanya kazi, na kubomba ni kulowa, ni maneno mawili, tofauti iko katika kupanda na kushuka kwa sauti. Mti mbichi ukishafukuliwa huachwa ulowe, au hufunikwa na vibanzi vyake vyenye maji, ili ukauke polepole kutoka ndani. Hata watoto kwao wanajua. Mzee aliniambia niloweshe, mimi nikafanya kazi.

"Sikiliza," akasema, na akalitamka neno hilo mara mbili, taratibu, kama anavyowaambia kina mama dozi ya dawa kwenye kituo cha afya anakofanya kazi. "Umesikia?"

Mara zote mbili nilisikia neno moja. Sikio langu lilikulia ndani ya Kiswahili, ambamo sauti haipandi ngazi ili kubadilisha maana. Sikutaka kumdanganya, nikamwambia sijasikia tofauti.

Alicheka kidogo. Kisha kicheko kikaisha na akauliza, kwa sauti ambayo haikuwa ya mzaha:

"Sasa nitakapokuambia jambo, ndani ya nyumba yetu, utasikia maji au utasikia kazi?"

Kuku walikuwa wanaparura karibu yake. Mimi, ninayeshinda siku nzima na maneno, nikaona kwamba ufa ulikuwa umeingia mahali pengine pia. Akasema shangazi anaita. Akasema, "Lifunike na kitambaa chenye maji, na ufunge madirisha." Akakata.

Tulifunga madirisha. Tulifunga na mlango. Mama alitoa kitenge chake cha kanisani, akakitumbukiza ndooni, akakikamua, tukalifunga bakuli na kifuniko chake kama mtoto mchanga, na tukamwaga maji sakafuni ili hewa isikauke. Nyumba ikawa na joto kama mdomo. Tulikula bukari tukiwa tunatoka jasho, na kila baada ya muda mama alikuwa anatega sikio upande wa chumba changu. Hakuna kilicholia. Ufa ulisimama. Lakini haukurudi kufungika, na bakuli, lililokuwa limekauka upande mmoja na sasa linakunywa maji pande zote, lilijipinda kidogo, hata kifuniko kikawa kinacheza juu yake.

Ijumaa nikasema basi. Nikasema nitamwambia shibukombe asiende, tuombe siku nyingine. Mama alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, anajipepea.

"Waliomba mara ya pili," akasema. "Hawakuomba ya Jumamosi ingine. Bon. Kwetu, kibuyu ikipasuka banaishona. Hakuna mutu anaitupaka inje juu ya mupasuko tu."

"Hiki si kibuyu, mama."

"Iko kitu ya kuweka kitu ndani. Papa, leta moto."

Papa ndivyo mama zetu wa ng'ambo wanavyowaita wana wao wa kiume, hasa wanapotaka watiiwe. Nilimletea moto. Tulipasha njiti ya gurudumu la baiskeli mpaka ikawa nyekundu, nami nikatoboa matundu pande zote mbili za ufa, yanatazamana, moshi wa musase unatuingia machoni, nikishika pumzi kila tundu kwa kuogopa kwamba litalia tena. Mama alikuwa amenunua uzi mweusi wa nailoni, ule wa kushonea nyavu, kwa wavuvi wa pale chini. Akavaa miwani yake. Kabla ya hapo alikuwa amelifunika tu bakuli, hajawahi kulifanyia kazi. Alishona kwa mishono ya kupishana, akivuta kila mmoja kwa meno, akifunga kila fundo kama wanavyofunga washona nyavu aliokaa jirani nao sokoni miaka yote.

Alipofika katikati akasema bila kuinua kichwa:

"Zile sahani sikuziuza juu ya kutaka feza."

Niliiweka njiti chini.

"Sikuweza kuziona mu nyumba. Kila nikizitazama, naona mwana wangu amerudishwa. Njo maana niliziweka ku meza. Nilisema, aende nazo mutu yeyote, ziende mbali." Akavuta uzi. "Sikujua mbali yenyewe ni Kafutuma."

Tulicheka, mimi na yeye, kwa sauti ndogo, kama watu walio karibu na mtoto aliyelala. Kisha akaendelea kushona, na mimi nikaendelea kuogopa. Mshono ulikuwa mweusi, mnene, hauna aibu. Nilikuwa nimetaka kumpelekea shangazi gamba lililoachwa na maji. Sasa lilionekana kama kitu kilichofanyiwa upasuaji.

Jumamosi shibukombe alifika amevaa koti, ananukia sabuni, na kabla hajakaa alikuwa ameshatueleza jinsi vinu vyake vilivyogombewa kisiwani. Kisha akafungua kitenge. Akanyamaza. Nilikuwa sijawahi kumwona amenyamaza.

"Uliua muti," akasema.

Nikamwambia alisema uleke ubombe.

"Kanshi nilisema! Uleke ubombe!"

"Nilibomba, mukwai. Nilibomba kila siku."

Alinitazama. Niliona neno likimzunguka kichwani, likipanda na kushuka, mpaka likafika. Akacheka hadi akakosa pumzi, akakaa, akajifuta macho na kona ya koti, akalirudia peke yake, "alibomba, alibomba," na mama naye akashindwa kujizuia. Mimi sikucheka. Nilikuwa natazama mikono yake, kama itanyanyua au haitanyanyua.

Haikunyanyua. Alipomaliza kucheka alilifunika bakuli vizuri kwa kile kitenge, akalisukuma kuelekea kwangu.

"Awe, mayo, hapana," akamwambia mama. "Siwezi. Kitu chenye ufa kinasema mbele yangu. Nitafika pale, nitapiga magoti, nitaanza maneno, na ufa utakuwa umeshamaliza kusema. Watasema nimewaletea ndoa iliyopasuka. Mimi nina jina."

Mama hakubishana naye. Aliingia chumbani, akatoka amevaa viatu vyake vya kanisani. Akachukua bakuli, akaliweka juu ya kichwa, akalishika kwa mkono mmoja.

"Mama, unaenda wapi?"

"Naibeba mwenyewe. Nitapita nayo mu barabara, batu bote baone. Wakiuliza shibukombe eko wapi, nitasema eko anachunga jina yake."

Haijawahi kuonekana, mama wa mwoaji kubeba nsalamu ya mwanawe. Ingezungumzwa wilaya nzima ya Nchelenge, na jina ambalo lingetajwa katika mazungumzo hayo lisingekuwa la mama. Shibukombe alisimama. Akamwambia mama ashushe. Mama hakushusha mpaka alipoona amefunga vifungo vya koti. Kisha akampa, kwa mikono miwili, nami nikaweka nsalamu ndani, na kifuniko kikakaa juu kikicheza, tukakifunga na kitambaa cheupe ili kisitoe sauti njiani.

Jumamosi ndiyo siku kubwa ya soko, na mama hakwenda. Tulikaa ndani. Sijui kwa nini tulikuwa bado tumefunga madirisha, kwa maana kitu tulichokuwa tunakilinda kilikuwa kimeshatoka. Nilijaribu kusoma. Nilijaribu kufagia vibanzi, nikaacha katikati. Nje harufu ya dagaa wanaokaushwa ilikuwa inapanda kutoka ufukweni, watoto wanapita, redio ya jirani inaimba, na mimi nilikuwa nafikiria kidole cha mwanamke nisiyemjua kikipita juu ya mishono. Mama alikuwa anasali bila sauti. Nilijua anasali kwa sababu vidole vya miguu yake vilikuwa vinasogea.

Jua lilipoanza kulegea akachungulia kwenye upenyo wa dirisha, akashika kifua.

"Amerudi nayo," akasema.

Nikachungulia. Shibukombe alikuwa anakuja kwa miguu, anasukuma baiskeli, na nyuma, juu ya kiti cha mizigo, palikuwa na kitambaa cheupe kimefungwa. Alikuwa anatembea polepole. Mtu mwenye habari njema angepanda.

Sikuweza kufungua mlango. Mama ndiye aliyefungua. Shibukombe akaingia, akakaa, akaomba maji, na kwa kuwa mjumbe haulizwi kabla hajanywa, tulimtazama akinywa. Alikunywa kikombe chote. Koo lake lilikuwa linapanda na kushuka. Kisha akaweka kitambaa mezani, na nilipokiona kinavyokaa, bapa, kidogo, nilielewa kwamba ndani hakuna bakuli.

Kilikuwa kifuniko peke yake.

Alitusimulia bila haraka, kwa sababu sasa sifa zilikuwa zimemrudia. Walimpokea kimya. Shangazi alifungua kitambaa, akaona ufa, na chumba kizima kikaona kwamba ameona. Aligeuza bakuli. Akapitisha kidole kwenye mishono, mmoja baada ya mwingine. Akauliza fundo hili la wavu nani amelifunga, na shibukombe akajibu, mama yake. Shangazi akalikalisha bakuli mapajani, akakaa nalo hivyo muda ambao, alisema, ulimzeesha. Kisha akawaambia ndugu zake:

"Hii, hata mama yake hawezi kuiuza."

Wakacheka wote, hata baba wa msichana, ambaye alikuwa ametazama ukuta tangu mwanzo. Wakaitoa nsalamu iliyokuwa ndani. Bakuli likapelekwa chumba cha ndani.

Mama aliketi chini, palepale alipokuwa amesimama. Nilifikiri habari imekwisha, nikaanza kupumua. Shibukombe akainua kidole.

"Lakini wanasema, kitu kikipokelewa kinafunikwa. Kifuniko hiki hakifuniki. Mwenye kukichonga aje mwenyewe. Akae mu kiwanja yao, akichonge tena mpaka kikae, wao wanamwona. Shangazi anasema anataka kujua kama huyu kijana anajua kukaa."

"Lini?" nikauliza.

"Lini? Leo. Bado kuna jua."

Nilikitazama kifuniko. Kilikuwa chembamba tayari, kwa sababu nilijisifu kwa wembamba wake. Ili kikae juu ya mdomo uliojipinda, ilibidi niondoe tena, mahali pasipo na mengi ya kuondoa, mbele ya macho ya nyumba nzima, na msichana mwenyewe akiwa mmoja wao. Pigo moja baya, na shangazi alikuwa ameshasema ya tatu hakuna.

Nikachukua tezo. Mama akalowesha kitambaa, akakifunga kifuniko, akanipa. Shibukombe akaniinamia sikioni na kusema polepole, kama anavyosema na mgeni kabisa:

"Na mbele ya kuchonga, kiloweshe. Ma-ji. Leo nimesema kwa Kiswahili."

Nilipovuka kizingiti upepo wa ziwa uliingia kwa nguvu, ukapeperusha vibanzi nilivyoviacha sakafuni bila kufagia, na mama, ambaye tangu Alhamisi alikuwa amezoea kulinda unyevu wa nyumba ile, akaufunga mlango haraka nyuma yangu, kana kwamba ndani bado kulikuwa na kitu cha kupasuka.